Neno la Tabia Humsema Aliyelitamka

Mwezi Agosti mwaka 2024 neno la Kiingereza "demure", ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limebaki kwenye riwaya za zamani, lilirudi ghafla katika mazungumzo ya mamilioni ya watu. Chanzo kilikuwa video fupi ya TikTok ambamo Jools Lebron, mtengeneza maudhui wa Marekani, alieleza namna anavyojipamba kwa staha anapokwenda kazini. Kabla mwaka haujaisha, kamusi ya mtandaoni ya Dictionary.com ilikuwa imelitangaza kuwa neno la mwaka. Mwaka mmoja nyuma, kamusi ya Merriam-Webster ilikuwa imechagua "authentic", linaloweza kusemwa juu ya mtu asiyejifanya, na Oxford ikachagua "rizz", mkato wa vijana unaotokana na "charisma" na wenye maana ya kipaji cha kumvutia mwingine. Kwa hiyo katika muda wa miaka miwili, taasisi tatu zinazoaminiwa kuitunza lugha ya Kiingereza ziliyaona maneno ya sifa za mtu kuwa ndiyo yanayoueleza wakati wetu.

Habari hizi zilipokewa kwa namna mbili. Wako waliofurahi wakidhani kwamba staha imerejea pamoja na neno lake. Wengine walisikitika, na masikitiko yao yamechochea upya mtindo ambao haukuanza leo, yaani kusambaza orodha za maneno ya kale ya Kiingereza yaliyoelezea tabia njema: "steadfast" kwa mtu asiyeyumba, "doughty" kwa shupavu, "forbearing" kwa anayestahimili makosa ya wenzake, "ruth" kwa huruma. Orodha hizi karibu kila mara huambatana na hitimisho moja, kwamba watu wa zamani walikuwa na maneno hayo kwa sababu walikuwa na sifa hizo, na kwamba sisi tumeyapoteza maneno kwa kuwa tumezipoteza sifa. Nimeziona zikisambazwa na Waswahili pia, hasa walimu wa Kiingereza, wakiongeza kwamba na kwetu hali ni hiyo hiyo.

Naona makundi yote mawili yanausoma vibaya ushahidi uliopo mbele yao. Neno la tabia ni hukumu, na hukumu hutupa habari nyingi zaidi kuhusu aliyeitoa kuliko kuhusu aliyehukumiwa. Mtu akiyafuatilia maneno haya kwa karne kadhaa, hawezi kujua kama Waingereza wa mwaka 1000 au wa mwaka 1400 walikuwa wema kuliko wa leo. Anachoweza kujua, tena kwa uwazi wa kushangaza, ni nani alikuwa na mamlaka ya kumwita mwenzake mwema au mbaya. "Demure" lenyewe ni mfano. Katika karne ya 14 lilisemwa juu ya bahari iliyotulia. Baadaye likahamia kwa mtu mtulivu na mwenye uzito, likaja likaelemea zaidi kwa wanawake, na kufikia mwisho wa karne ya 17 lilikuwa tayari limebeba shuku kwamba huyo mwanamke mtulivu huenda anajifanya tu. Bahari haikuwahi kushukiwa hivyo.

Nianze na dhana kwamba zamani kulikuwa na maadili mamoja yaliyokubaliwa na wote. Kiingereza cha Kale kilikuwa na neno "lofgeorn", lenye maana ya mtu anayetamani kusifiwa. Shairi refu la Beowulf linamalizika kwa sifa za mfalme aliyekufa: kwamba alikuwa mpole kuliko watu wote, mwema kwa raia wake, na mwenye shauku kubwa kuliko wote ya kupata sifa. Neno la mwisho kabisa la shairi hilo ni "lofgeornost". Hati pekee iliyotuhifadhia shairi hilo iliandikwa karibu na mwaka 1000, na katika miaka hiyo hiyo Ælfric, aliyekuwa abati wa Eynsham, alikuwa akiwafundisha Wakristo kwamba majivuno ya bure ni miongoni mwa dhambi kuu nane, na akaieleza dhambi hiyo kuwa ni pale mtu anapokuwa "lofgeorn". Neno ni moja, nchi ni moja, kizazi ni kimoja. Katika ukumbi wa wapiganaji ni taji la shujaa, na katika nyumba ya watawa ni ugonjwa wa roho. Anayeliweka neno hilo leo katika orodha ya fadhila zilizopotea lazima kwanza aseme amesimama upande gani, wa upanga au wa msalaba, kwa sababu watu wa wakati ule wenyewe hawakukubaliana.

Baada ya Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliosema Kifaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, suala la nani anahukumu lilichukua sura ya tabaka. Mfalme William alipoamuru mali ya nchi ihesabiwe, kazi iliyofanyika mwaka 1086, kundi kubwa kuliko yote katika hesabu hiyo lilikuwa la "villani", wakulima walioishi katika mashamba ya mabwana na kuwafanyia kazi. Hawakuwa wameua wala kuiba. Walikuwa watu wa kijijini, waliolima. Ndilo neno lililokuja kuwa "villain" la Kiingereza cha leo, yule mhalifu katili wa filamu na riwaya. Mwenziwe "ceorl", aliyekuwa raia huru wa kawaida katika Kiingereza cha Kale, akawa "churl", mtu asiye na adabu. "Boor", neno linalohusiana na jina la Kiholanzi la mkulima, likawa la mtu mshamba na mkorofi. "Lewd" lilimaanisha tu mtu asiye kasisi, kisha asiyejua kusoma, kisha mtu wa hovyo, na mwishowe mwasherati. "Mean", lililotokana na neno la Kiingereza cha Kale lenye maana ya kitu cha pamoja, kilicho cha watu wote, likateremka hadi kuwa duni, na kutoka hapo likawa choyo na ukatili.

Upande wa pili wa ngazi mambo yalikwenda kinyume. "Gentle" lilimaanisha mtu wa ukoo mzuri kabla halijamaanisha mpole. "Generous" lilimaanisha aliyezaliwa katika jamaa bora kabla halijawa la mkarimu. "Frank" lilikuwa jina la kabila la Wafranki waliotawala Gaul, yaani Ufaransa ya leo, na kwa kuwa wao ndio waliokuwa huru kikamilifu katika nchi hiyo, jina lao likawa "huru", kisha "msema kweli". Mwanazuoni C. S. Lewis aliuita mwelekeo huu, mwaka 1960, kugeuzwa kwa maneno ya hadhi kuwa maneno ya maadili, na sijaona aliyeueleza vizuri zaidi. Lakini mfano ninaouona kuwa mzito kuliko yote ni wa maneno mawili ambayo katika Kiingereza cha Kale yote mawili yalimaanisha mvulana, na kisha mvulana wa kutumwa: "cnafa" na "cniht". La pili lilipata bahati ya kufuatana na bwana vitani, likapewa farasi na upanga, likawa "knight", mpiganaji mwenye heshima na murua. La kwanza lilibaki jikoni na zizini, nalo likawa "knave", laghai. Hakuna mtu anayeweza kudai kwamba wavulana wa zizini walikuwa waongo zaidi kuliko wavulana wa vitani. Kilichotofautiana ni nani aliyebaki karibu na wenye kalamu.

Wala tusidhani kwamba watu wa chini hawakuliona jambo hili. Mwaka 1381, wakulima wa Kent na Essex walipoinuka dhidi ya kodi ya kichwa, padri John Ball aliwahubiria Blackheath, nje ya London, akianzia na beti ndogo iliyohifadhiwa na waandishi wa tarehe wa zama hizo: Adamu alipokuwa akilima na Hawa akisokota uzi, muungwana alikuwa nani? Nimechagua neno "muungwana" kwa makusudi, kwa kuwa ndilo linaloibeba "gentleman" pamoja na historia yake yote. Swali la Ball halikuwa la kuchekesha wala la kishairi tu. Alikuwa akiuliza kwa nini sifa njema imefungwa katika ukoo wakati baba wa wote alishika jembe. Ball alinyongwa mwezi Julai mwaka huo huo mjini St Albans, na neno "gentle" likaendelea na safari yake. Hata hivyo kuwapo kwa swali lake kunatosha kuonyesha kwamba maana ya maneno ya tabia ilikuwa ikigombewa, na kwamba kamusi zimetuachia zaidi ushindi wa upande mmoja.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Kent ili alielewe hili. Muungwana wa pwani alikuwa kwanza mtu huru, asiye mtumwa, na leo ni mtu mwenye adabu na utu hata kama babu yake alikuwa nani. Mshenzi alikuwa mtu wa bara kwa macho ya watu wa mjini pwani. Mjinga alikuwa mgeni aliyewasili karibuni, hasa mtumwa ambaye bado hajazijua lugha na desturi za huko, na ustaarabu kwa asili yake ni kuwa kama Mwarabu. Leo tunayatumia maneno haya yote kupima tabia, na tunayatumia bila kuona tena bandari, jahazi na soko la watumwa vilivyoyapa umbo. Sisemi tuyaache. Nasema kwamba mtu anayejua habari za "muungwana" na "mshenzi" ana kila sababu ya kuwa makini anapoletewa orodha ya maneno ya kale ya Kiingereza kana kwamba ni hazina safi ya maadili.

Sasa wale wanaosikitika wana hoja, na ni haki kuiweka kwa nguvu zake zote. Mwaka 2012 watafiti Pelin Kesebir na Selin Kesebir walichapisha uchunguzi wa vitabu vya Marekani vya karne nzima ya 20 kwa kutumia mkusanyiko wa vitabu wa Google. Walikuta kwamba maneno ya jumla kama "virtue" na "conscience", na pia sehemu kubwa ya majina ya fadhila mojamoja waliyoyachunguza, yalipungua kutumika kadiri miaka ilivyosonga. Hoja ya kifalsafa ni ya zamani kidogo kuliko hiyo. Mwaka 1958 mwanafalsafa Elizabeth Anscombe, aliyekuwa akifundisha Oxford, aliandika kwamba ingekuwa afadhali sana kama badala ya kusema jambo fulani ni baya kimaadili tungelitaja kwa jina lake: si la kweli, si la haki, si la usafi. Naikubali hoja ya Anscombe bila kupunguza chochote. Mtoto anayeambiwa "umefanya vibaya" hajui afanye nini kesho. Anayeambiwa "huo ni uchoyo" amepewa kitu cha kushika, na anaweza kukitambua tena akikiona kwa mwingine au ndani yake mwenyewe. Lugha ya kulelea ikibaki na "nzuri" na "mbaya" peke yake, walezi wamenyang'anywa vyombo vyao vya kazi.

Hata hivyo, kutoka kwenye hoja hiyo hadi kwenye kilio cha orodha kuna hatua ambayo ushahidi haufiki. Kuhesabu maneno katika vitabu ni kuhesabu vilivyochapishwa na kukusanywa, na mwaka 2015 watafiti wengine walionyesha kwamba mkusanyiko huo wa Google unajaa maandishi ya kisayansi zaidi na zaidi kadiri karne ya 20 inavyosonga. Makala ya kemia haina nafasi ya kutaja subira, hata kama aliyeiandika amesubiri miaka kumi apate jibu lake. Zaidi ya hapo, neno likitajwa sana si lazima kitu chake kiwe tele. Mara nyingi watu huzungumza sana juu ya uaminifu pale wanapokuwa wameibiwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema kwamba neno likifa, sifa imekufa nalo. Hii haiwezi kusimama mbele ya historia ya Kiingereza chenyewe. Waingereza wa kabla ya mwaka 1066 waliita subira "geþyld", neno ambalo ndugu yake bado anaishi katika Kijerumani. Mwenye huruma walimwita "mildheort", mtu wa moyo mpole, na mnyenyekevu walimwita "eaðmod". Maneno yote matatu yamekufa. Nafasi zao zilichukuliwa na "patience", "merciful" na "humble", yote yakiwa yamepitia Kifaransa. Tukiifuata kanuni ya wasambaza orodha, itabidi tuseme kwamba Waingereza walipoteza subira, huruma na unyenyekevu katika karne chache baada ya Wanormandi, wakavipata tena kutoka ng'ambo ya bahari. Hakuna anayeamini hivyo. "Ruth" nalo, ambalo huliliwa sana, limeacha nyuma yake "ruthless", asiye na huruma, ambalo kila mtu analielewa. Na asingeweza kulielewa kama hana wazo la kile kinachokosekana. Na sisi, kama kanuni hiyo ni ya kweli, tungelazimika kusema kwamba mababu wa pwani hawakuwa na subira, huruma, haya, adabu wala busara hadi Kiarabu kilipowaletea majina hayo, wakati maneno ya kuvumilia, upole, wema na utu yalikuwa yakitumika nyumbani mwao.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na huwa linatoka kwa watu waliosoma zaidi. Hao husema kwamba maana za maneno hubadilika tu kama upepo unavyogeuka, na kwamba kutafuta maana katika mabadiliko hayo ni kupoteza muda. Wana haki wanapokataa kwamba maana ya kwanza ndiyo maana ya kweli. Anayetuambia kwamba "nice" kwa hakika ni "mjinga", kwa sababu lilitoka katika neno la Kilatini la asiyejua, anatuletea elimu isiyo na kazi. Baadhi ya maneno kweli yamesafiri bila msukumo wa tabaka lolote ninaloweza kuliona. "Silly" lilianza kama "sælig", mbarikiwa, likawa mtu asiye na hatia, likawa wa kuonewa huruma, likawa dhaifu, na hatimaye mpumbavu, na katika ngazi hizo naona zaidi jinsi huruma ya binadamu inavyokaa jirani na dharau. Lakini neno moja lisilo na bwana halifuti mengine mengi yaliyoelekea upande ule ule. Upepo haungeweza kuwateremsha wakulima wote na kuwapandisha wapanda farasi.

Wala haungeweza kuwatenganisha wanaume na wanawake kama ilivyotokea. "Virtue" linatokana na neno la Kilatini la mwanamume, na maana yake ya asili ni uanaume, ushujaa. Lilipotumiwa kwa mwanamke, lilifinywa hadi likawa jambo moja tu, kutoguswa na mwanamume asiye wake. "Honest" nalo lilipita mlango huo huo: kwa mwanamume lilikuwa la heshima na ukweli, kwa mwanamke likawa la usafi wa kitandani. "Shrew" lilikuwa tusi la mtu yeyote mwovu, na "shrewd" likatokana nalo. Baadaye mzizi huo uligawanyika. "Shrewd" likawa sifa ya mfanyabiashara na mwanasiasa anayeona mbali, ambao kwa karne nyingi walikuwa karibu wote wanaume, na "shrew" likaachiwa mke mgomvi. Ukali wa akili ule ule ulilipwa katika soko na kuadhibiwa nyumbani.

Nasema kuadhibiwa nikimaanisha adhabu ya kweli. Katika sheria ya kimila ya Uingereza, "common scold" lilikuwa jina la kosa la jinai lililomhusu mwanamke anayesumbua majirani kwa kugomba mara kwa mara. Mojawapo ya adhabu zake ilikuwa kufungwa kwenye kiti kilicho mwishoni mwa boriti ndefu na kuzamishwa katika maji mbele ya watu. Mjini Leominster kiti hicho kilitumika hadi mwaka 1809, na bado kimehifadhiwa kanisani huko. Kosa lenyewe lilifutwa na sheria ya mwaka 1967, mwaka ambao kwetu tunaukumbuka kwa Azimio la Arusha. Mwanamume aliyegombana na majirani zake hakuwa na jina la namna hiyo katika sheria. Mtu akiikuta "scold" katika orodha ya maneno ya kale yenye ladha, ningependa akikumbuke kile kiti.

Karne ya 20 ilipoingia, kazi ya kutoa majina ilihama kutoka kwa bwana na kasisi ikaenda kwa daktari na afisa. Sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 1913 kuhusu upungufu wa akili iliwagawa watu katika mafungu manne: "idiots", "imbeciles", "feeble-minded" na "moral imbeciles". La kwanza lilitoka Ugiriki, ambako lilimaanisha mtu binafsi asiyeshika kazi ya umma. La pili lilikuwa la Kilatini, lenye maana ya dhaifu. Fungu la nne lilikuwa la watu walioonyesha tangu utotoni mwelekeo mkali wa uovu au uhalifu ambao adhabu haikuuzuia, kwa hiyo hukumu ya tabia ilikuwa imevaa koti jeupe. Aliyepewa jina hilo aliweza kufungiwa katika taasisi kwa miaka. Hatari ilikuwa kubwa hasa kwa mwanamke maskini, kwa kuwa aliyehesabiwa kuwa na upungufu huo aliweza kuwekwa chini ya sheria hiyo kwa sababu tu alizaa nje ya ndoa akiwa anapokea msaada wa maskini. Sheria hiyo ilidumu hadi ilipofutwa na sheria mpya ya afya ya akili ya mwaka 1959. Leo maneno kama "idiot" na "imbecile" ni matusi ya shuleni, na wengi wanaoyatamka hawajui kwamba yaliwahi kumfungia mtu mlango.

Ningeyaacha maneno haya kwa wanahistoria kama yangekuwa yamekaa kimya katika kamusi. Hayakukaa kimya. Mwaka 1884 mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alijaribu kupata wazo la wingi wa tabia za mtu kwa kuyahesabu maneno yake katika kamusi, naye akakadiria kuwa yako yapata 1,000. Mwaka 1936 wanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport na Henry Odbert waliipitia kamusi kubwa ya Webster wakatoa maneno 17,953 yanayoweza kumtofautisha mtu na mwenzake, na kati ya hayo wakaona takribani 4,500 ndiyo yanayotaja tabia za kudumu. Waliowafuata waliyapunguza, wakayapanga kwa hesabu, na kutoka humo, kwa miongo kadhaa, ukazaliwa mfano unaosema kwamba haiba ya binadamu ina pande tano. Ni kazi ya kielimu yenye thamani na siidharau. Lakini malighafi yake ilikuwa vivumishi vya Kiingereza, vikiwa na alama zote za mabwana, makasisi, mahakimu na madaktari niliowataja, na matokeo yake yamekuwa madodoso yanayotumika dunia nzima kuchagua wafanyakazi na wanafunzi.

Mtafiti wa saikolojia Amber Gayle Thalmayer na wenzake walipoifanya kazi kama ile ya Allport katika lugha ya Kimaa, inayosemwa na Wamaasai na jamaa zao nchini Kenya na Tanzania, wakianza na maneno ya wasemaji wenyewe, zile pande tano hazikujitokeza kama zilivyo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020. Sikushangaa nilipoyasoma. Miaka kadhaa kabla ya hapo niliombwa kuipitia tafsiri ya Kiswahili ya dodoso la tabia ambalo mwajiri mmoja alilitumia kuwachuja waombaji wa kazi. "Assertive" lilikuwa limetafsiriwa "mwenye kujiamini". Mwenzangu mmoja alisema linapaswa kuwa "asiyekubali kuonewa", na wa tatu, mama wa makamo aliyekuwa na uzoefu wa kusimamia watu, akasema kwamba mtu aliyeelezwa hapo yeye angemwita mjeuri. "Agreeable" lilikuwa limekuwa "mkubalifu", neno ambalo sijawahi kumsikia mtu akimsifia mwenzake. Lugha haikuwa na upungufu wowote. Kiswahili kina vivumishi vichache vya tabia kwa sababu kinaisemea tabia kwa nomino na kwa viungo vya mwili: huyu ni mchapakazi, yule ni mbea, ana roho nzuri, ana roho ya korosho, ana mkono wa birika, ana macho makavu. Dodoso linalouliza kwa kipimo cha moja hadi tano kama wewe ni "mkubalifu" halimwoni mtu mwenye macho makavu, ambaye kila ofisi ingependa kumjua kabla haijamwajiri.

Kwa sababu hiyo naona kazi iliyo mbele yetu ni kukusanya, na ifanyike mapema. Kamusi zetu zimeandika maana za maneno ya tabia kwa ufupi mno, mara nyingi kwa neno moja linalofanana nalo, na mara chache mno zimesema nani humwambia nani neno hilo, katika hali gani, na kama anayeambiwa hulikubali. Wanaotafsiri madodoso wangepaswa kuanzia huko, kwa kuwasikiliza watu wanapozungumzia majirani, wakwe na wafanyakazi wenzao, badala ya kuanzia kwenye orodha ya Webster. Wanaofundisha Kiingereza nao wangeweza kuwaonyesha wanafunzi "villain" na "knight" pamoja na "mshenzi" na "muungwana", somo moja kwa lugha mbili, na nina hakika wanafunzi wangezielewa zote mbili vizuri zaidi.

Tena hatuhitaji kuingoja karne nyingine ili tuone jambo hili likitendeka. Neno "mjanja" kwa wazee wetu lilikuwa la kutahadharisha: mjanja ni mtu wa hila, anayekula jasho la mwenzake, ingawa Sungura wa hadithi tulimpenda hivyo hivyo. Leo mzazi wa Dar es Salaam anamwambia mwanawe anayeanza kazi mjini awe mjanja, naye anamaanisha awe macho, asionewe, ajue kutafuta njia. Mkulima wa kahawa aliyepunjwa kwenye mizani bado analitumia kwa maana ya kwanza. Maana zote mbili ni hai, na kila moja ina watu wake wenye sababu zao. Kamusi itakayochapa moja tu itakuwa imechagua upande, na msomaji wa miaka mia ijayo atakayelikuta humo hatajua kwamba siku lilipochapishwa lilikuwa bado linagombewa kule Kariakoo.